Aliyeshika Injini

Fundi wa injini za boti alikuwa akisindilia grisi kwenye gurudumu la kushoto la trela wakati marehemu alipoingia uani. Alipitia geti dogo, lile linalokwaruza chini, akalinyanyua kwa goti kama alivyozoea kufanya alipokuwa hai. Nguo zake zilikuwa zikichuruzika maji. Akasalimia, akaitikiwa.

Mke wa marehemu alikuwa amepiga magoti ndani ya boti iliyokuwa juu ya trela, utepe wa kupimia ukiwa mdomoni. Yeye ni mshonaji wa maturubai, na siku hiyo alikuwa akichukua vipimo vya turubai la kufunikia boti mpya ya shemeji yake. Alimtazama mumewe kuanzia miguuni, akaona hana viatu, akautoa utepe mdomoni.

"Umekonda," akamwambia.

"Kule mtu hapati hamu ya kula." Kisha akamgeukia fundi. "Injini mmeifunga na nini?"

"Na vibano vyake viwili tu," fundi akasema. "Bolti mwenye boti hataki."

Marehemu alipanda kwenye boti pale pale juu ya trela, akaenda kukaa nyuma kabisa, akaikumbatia injini mpaka vidole vyake vikakutana upande wa pili. Uzito ukahamia nyuma, shingo ya trela ikanyanyuka kwenye tofali ilipokuwa imelazwa, ikabaki inaelea hewani. Fundi akaiangalia, akafuata spana, akaanza kulegeza ekseli ili airudishe nyuma kidogo. Trela lazima lielemee mbele, la sivyo likivutwa barabarani linayumba kama mlevi.

"Baba watoto," mke akasema, "sisi tuliambiwa ni wimbi."

"Aliwaambia nani?"

"Mdogo wako. Msibani, mbele ya watu wote."

Marehemu akafikiri. Hata alipokuwa hai hakupenda kumwonea mtu. "Wimbi lilikuwepo," akasema, "ila lilikuwa dogo. Vibano vikalegea, injini ikang'oka huku inawaka. Mnyororo wake ulikuwa umefungwa kwenye boti, basi ilipozama ikaivuta boti nayo. Boti ilikuwa yake, nami nilikuwa nimemwomba bolti mpaka nikachoka."

Mke akaanza kuukunja utepe. Alikumbuka jinsi alivyomshukuru shemeji yake kwa kusimamia mazishi, akiwa ameushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Alipofika mwisho wa utepe akaukunjua, akaanza kuukunja upya.

Binti yao akatokea nyuma ya karakana akivingirisha pipa. Ndiye nahodha wa boti hiyo mpya, mwanamke mzima, naye ana mtoto wake anayemlea peke yake. Kwa mikono na kwa ukimya alikuwa baba yake mtupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kumbe wewe ndiye unayeiendesha."

"Ndiyo mimi."

"Basi ndiyo maana nimekuja."

Wakalijaza pipa maji, wakaushusha mkia wa injini ndani yake ili waijaribu, marehemu akiwa bado ameikumbatia. Binti akaunga mpira wa mafuta, akaminyaminya kipira chake mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikaanza kutema maji vizuri. Kwa kawaida injini iliyobanwa kwa vibano tu hutetemeka na kusogea. Hii ilitulia tuli. Marehemu ndiye aliyetetemeka, meno yakigongana.

Yule shemeji mwenye boti akafika mchana, viatu vinang'aa. Hakuwa mtu wa kelele wala wa dharau. Alimsalimia kila mmoja, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Weka bolti."

"Kaka, bao la nyuma linalobeba injini likishatobolewa, boti si mpya tena. Nikitaka kuiuza nitamwambia nini mnunuzi?" Akaisukuma injini kwa kiganja, halafu kwa bega. Haikusogea. "Na imekaa imara hivi. Bolti za nini tena?"

"Shemeji, imekaa imara kwa sababu ameishika," mshonaji akasema.

"Nimeona. Ahsante sana, kaka."

"Ulituambia ni wimbi."

"Shemeji, ya msibani tuliyamaliza msibani." Alisema kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa.

Mshonaji akamgeukia fundi, akamwambia atoboe. Fundi akaitazama drili iliyokuwa mezani. "Dada yangu, boti si yako," akasema, na hakuinua macho. Ndipo mama akamwambia binti yake asiende majini na boti hiyo.

Binti alikuwa akifuta mafuta vidoleni. "Nikikataa, mama, kazi atapewa mwingine. Na huyo mwingine atashikiwa na nani?"

Alasiri gari likalivuta trela hadi majini, likanyooka barabara nzima bila kuyumba. Boti ikaingia, injini ikashika kwa kamba ya kwanza, na jioni binti akarudi na samaki wa kutosha.

Marehemu hakushuka. Mkewe alimsihi aje nyumbani apumzike, akajibu kwamba kesho binti anatoka alfajiri. Basi ikabidi turubai likatwe upya. Mshonaji aliliachia nafasi nyuma, akaishona pindo mara mbili, kichwa na mabega vipite, akaweka na kamba za kufunga chini ya kwapa ili mvua isiingie. Tangu hapo, kila jioni huenda kumfuta chumvi kwenye nyusi na kumpa habari za nyumbani. Akimaliza, marehemu humwambia, "Mkumbushe bolti." Naye humkumbusha shemeji yake, na shemeji husema amesikia.

Biashara imemkubali shemeji. Ameshanunua boti ya pili na ya tatu, kila moja na trela lake, na ekseli zote fundi huzirudisha nyuma mapema. Wanaokuja kuomba unahodha ni wengi. Zamani aliwauliza kama wanaijua njia ya majini na kama wanaweza kutengeneza injini ikizimika. Sasa huwauliza kwanza kama wazazi wao wapo. Mtu akijibu kwamba wamefariki, humpa pole, kisha humpa kazi.