Mama wa Mlangoni Alipojibu

Siku ya Krismasi, saa sita kamili, Nyasuguta alifunika mikungu yake mitatu ya ndizi kwa gunia, akanawa miguu, akavaa viatu vyeusi vya kanisani alivyokuwa amekuja navyo sokoni vikiwa vimefungwa kwenye gazeti. Kultum, jirani yake mwenye duka la vitambaa, alikuwa mlangoni anamtazama.

"Mama Mochama, unaenda video ama unaenda kuposwa?"

"Naenda kuona sinema. Ile ile."

"Ile ile umeiona mara kumi na moja! Mimi Krismasi si sikukuu yangu na nimeiona mara saba. Sema ukweli, mama."

Ukweli Kultum aliujua. Ukweli ulikuwa Okari, mwenye kibanda cha video nyuma ya stendi ya Awendo, ambaye alifiwa na mke kama Nyasuguta alivyofiwa na mume. Kesho asubuhi angehama. Binti yake Damaris, mwalimu kule Kosele, alikuwa amemtayarishia chumba chenye dirisha kubwa, na kibanda kilikuwa kimepata mpangaji mpya, muuza chakula cha kuku. Miaka kumi na moja Okari alikuwa akimwekea Nyasuguta kiti mbele kabisa, kiti cha mbao chenye mto wa maua, akikipangusa mara mbili na kufukuza yeyote aliyethubutu kukikalia. Lakini neno? Hakuna. Nyasuguta alikuwa mtu wa subira, hata ndizi alizivundika polepole kuliko wenzake. Ila leo subira ilikuwa imefika ukingoni. Okari asiposema leo, hatasema tena.

"Twende basi," akamwambia Kultum. "Na usicheke kwa sauti."

Kibanda kilikuwa kimejaa mpaka watu wamekalia kreti za soda. Benard, mkata miwa asiyejua kunyamaza, alikuwa amekaa karibu na ukuta wa mabati.

"Benard," Kultum akamwita, "si hii sinema iko kwa simu yako?"

"Iko. Lakini kwa simu nalia peke yangu kama mwizi."

Sinema yenyewe ilikuwa ya zamani, ya Wazungu, ila Kizungu chake hakuna aliyekisikia, kwa sababu Okari alipunguza sauti yao na kusema yeye mwenyewe kwa maiki, Kiswahili chenye Kijaluo kidogo ili kila mtu aingie ndani. Dereva wa lori alimpa jina Omanga. Mji wa baridi aliuita Kericho. Watu walipouliza ile nyeupe inayoanguka ni nini, aliwaambia ni kama jivu la miwa ikichomwa, lakini ukilishika linauma. Basi Omanga anakwama kwenye jivu hilo siku tisa, anapokelewa na mjane mwenye nyumba ya wageni, anamtengenezea paa, anakula mikate yake. Siku ya Krismasi barabara inafunguka, anaondoka. Kwenye njia panda anasimama. Unaona mikono yake tu juu ya usukani, muda mrefu, na hapo kibanda kizima hupiga kelele: "Rudi! Rudi, we jinga!" Anarudi. Anasimama mlangoni, anasema maneno mazito, na yule mama anamtazama tu, anafungua mlango wazi, basi, imekwisha. Watu wanapangusa macho, wanaenda nyumbani kula chapati.

Kitu kimoja tu kilimuudhi Nyasuguta kila mwaka. "Huyu mama mbona hajibu?"

Na kila mwaka Okari alimjibu, "Mama Mochama, sinema imeandikwa hivyo."

Leo Okari alitoka nyuma ya pazia amevaa koti la kahawia, akapangusa kiti mara mbili, akamwonyesha Nyasuguta akae. Kisha akashika maiki, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akakohoa, akajaribu tena. Sasa hata hiyo bawaba haikulia.

"Wuololo!" Benard akaruka. "Siku tatu anazunguka soko akitangaza sinema ya mwisho, sasa sauti ameiacha sokoni!"

Kultum akakimbia kuleta chai ya tangawizi. Okari akanywa kikombe chote, macho yakamtoka machozi, lakini sauti haikurudi. Nyasuguta alikaa pale kwenye mto wake wa maua akimtazama. Miaka kumi na moja angojee mtu aseme, na siku ya kusema mtu apoteze sauti!

"Mama Mochama aseme!" akasema Benard. "Si yeye huwa anasema maneno kabla Okari hajayasema?"

"Aseme! Aseme!"

Okari akamtazama. Akamnyooshea maiki kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni maji.

Mwanzoni Nyasuguta aliogopa. Alimwita Omanga Kericho, na Kericho akaiita Omanga, watu wakacheka, naye akacheka, na baada ya hapo akasahau kuogopa. Alisema alivyokumbuka, na alikumbuka yote. Alipofika kwenye mikate akawaeleza unga uliochekechwa, hamira iliyoumuka, na harufu iliyofika mpaka barabarani, mambo ambayo Okari hakuwahi kuyataja, na mtu mmoja nyuma akasema, "Aa, leo hata njaa inanishika."

Ikafika njia panda. "Rudi! Rudi, we jinga!" Omanga akarudi. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, Nyasuguta akamsemea maneno yake yote mazito. Kisha picha ikahamia kwa yule mama, mdomo umefumbwa, kama miaka yote.

Nyasuguta hakuishusha maiki.

"Omanga," akasema, "umesimama mlangoni pangu miaka kumi na moja."

"Siku tisa, mama!" Benard akamrekebisha. "Siku tisa!"

"Miaka kumi na moja. Unaniwekea kiti. Unakipangusa mara mbili, hata kama hakina vumbi. Mimi nimekaa nikingoja useme, nikidhani kusema ni kazi yako. Kumbe mimi pia nina mdomo. Nakwambia usiende. Usiende Kosele."

"Kosele imetoka wapi kwa..." Benard akaanza, na Kultum akampiga kanga usoni.

"Hayo hayako kwa sinema!" mwingine akasema.

"Sasa yako," Nyasuguta akajibu.

Kibanda kizima kikageuka kumtazama Okari. Alikuwa amesimamisha picha. Yule mama wa sinema ameganda na mkono kwenye kitasa. "Jibu, Okari! Jibu!" Akafungua mdomo, hakuna kitu. Akazunguka pale mbele kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha akaenda kwenye mizigo iliyofungwa tayari kwa safari, akafungua kamba kwa meno, akatoa kiti kimoja, akakiweka kando ya kile chenye mto wa maua. Hiki hakukipangusa. Akakikalia vile vile na vumbi lake, yeye ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwona ameketi sinema ikiendelea.

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka stendi.

Benard akaiendesha tena picha, mlango wa Kericho ukafunguka, na hakuna aliyeutazama, maana wote walikuwa wanatazama vile viti viwili. Hapo simu ya Okari ikalia. Akaiangalia, akaionyesha koo lake kana kwamba simu inaona, halafu akampa Nyasuguta.

"Baba, pikapu inakuja saa mbili asubuhi ama saa tatu?" ilikuwa sauti ya Damaris.

Nyasuguta akamtazama Okari. Okari akatikisa kichwa, kwa nguvu, mara tatu.

"Mwalimu, ni mimi, Mama Mochama. Baba yako hana sauti. Anasema pikapu isije. Amekwama. Jivu limejaa barabarani."

Damaris alikulia katika kibanda hiki, juu ya kreti hizi.

"Alifika njia panda?" akauliza.

"Alifika."

"Akarudi mwenyewe, ama mlimpigia kelele?"

"Tulimpigia kelele kidogo."

Damaris akacheka mpaka Okari akamsikia bila kuwekewa simu sikioni. "Basi mwambie chumba chenye dirisha nitakiweka, mje wote wawili mwaka mpya. Na muuza chakula cha kuku nitamtafutia pahali pengine. Mama Mochama?"

"Eeh, mwalimu."

"Yule mama wa mlangoni. Leo amejibu?"

"Amejibu," Nyasuguta akasema, na Okari, aliyekuwa ameinuka, akaanza kuirudisha picha mwanzo.