Pua ya Mzee Mwandu Ughaibuni

Jumanne saa tatu asubuhi Mzee Mwandu aliketi kwenye benchi la zahanati, upande wa Sapiwi, akachomekwa kijiti chenye pamba puani mpaka machozi yakamtoka. Wageni wawili walikuwa wanatafuta kirusi kipya. Walikifungia kijiti kwenye kichupa, wakakitia ndani ya boksi la barafu, wakaondoka bila kuaga. Mgeni asiyeaga ana lake jambo.

Alipofika nyumbani hakusikia harufu ya zizi. Alisikia mafuta ya ndege.

"Pua imeondoka nao," alimwambia mkewe, Esteria.

"Imefika wapi?"

"Bado iko juu."

Kesho yake ilitua penye sabuni, kahawa na baridi isiyo na vumbi. Kila asubuhi Mwandu alimpa taarifa nesi Felisita, naye akaziandika kwenye daftari la wagonjwa wa nje, maana daftari jingine hakuwa nalo.

Mwandu hakukasirika. Kwao mwenye ng'ombe wengi humpa jirani ng'ombe mmoja amfugie. Jirani atakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe akizaa, mwenyewe lazima aitwe. Kijiti alikichukulia hivyo hivyo. Esteria alikuwa na pumu, na chanjo ya zamani haikukiweza kirusi hiki, kwa hiyo Mwandu alingoja kuitwa kwa ajili yake.

Mwezi wa nne alisikia dawa inapikwa, na ndani ya dawa akasikia ugoro wake na moshi wa jikoni kwake.

"Nesi, imezaa," alisema.

Felisita akapiga simu wilayani. Wilayani wakauliza juu zaidi, jibu likarudi jioni: chanjo ipo, foleni inapangwa na wanaoitengeneza.

"Sisi ni wa ngapi?" Felisita aliuliza kwenye simu.

"Subirini."

Wiki ile redio ilisema kirusi kimetoka kwetu, na watu wa kwetu wasipokelewe huko. Pua ya Mwandu ilikuwa imeshaingia, na hakuna aliyeidai hati ya kusafiria. Siku baada ya siku, ndani ya sindano za chanjo, ilipita kwenye mabega ya watu waliojipaka mafuta ya maua. Mabega yale yale yakarudi mara ya pili, kisha ya tatu. Mwandu aliyatambua. Hapo ndipo alipoanza kushuku kwamba wanaofuga hawana mpango wa kumwita mtu.

Kirusi kikampata Esteria. Ijumaa alikuwa anavuta pumzi kama avutaye ndoo ya maji kisimani, Felisita yuko pembeni yake, Mwandu akainua kichwa.

"Wanamwaga," alisema.

"Wanamwaga nini, babu?"

"Dawa. Imepita tarehe. Inateremka kwenye bomba, na ni nyingi. Ingetosha Sapiwi yote na Mwanhuzi."

Felisita akaandika: imemwagwa.

"Inanukaje?" aliuliza Esteria.

"Kama humu ndani."

Esteria akatikisa kichwa kukubali. Saa saba mchana alikata roho. Iliuma, wala hakuna namna nyingine ya kuisema.

Walimzika Jumamosi, baada ya manyunyu. Mwandu alisimama kaburini na konzi ya udongo. Puani kulikuwa na sabuni tu, huko walikuwa wanasafisha bomba. Akamgeukia Maduhu, jirani yake.

"Huu udongo unanukiaje?"

"Mvua," alisema Maduhu.

"Haya."

Akaumwaga.