Gia ya Pili ya Baba Mkwe

Nina hasira za karibu. Mume wangu anajua, wateja wanajua, na spana zangu zinajua kwa jinsi ninavyozirusha. Ila mbele ya baba mkwe huwa nafyata ulimi. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia kwenye gereji yetu akiisukuma pikipiki yake ya mikate, nilijifuta mikono haraka na kushusha sauti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gia imekufa."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba. Kisha akakaa kwenye tairi kuukuu, helmeti mapajani, akanieleza. Wiki iliyopita alikuwa anapanda mlima wa tangi la maji, kreti za mikate zimejaa nyuma. Alipotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, gia ikapotea. Injini ikapiga kelele bure, pikipiki ikarudi kinyumenyume, na mikate yote ikaingia mtaroni. Haikuwa mara ya kwanza. Mwenye kiwanda cha mikate si mtu mbaya, lakini safari hii alichoka. Alimwambia: Jumamosi nitasimama pale mlimani nikuone ukipanda. Ikishindikana, njia ile nampa mwingine, na wewe mzee wangu ukapumzike.

"Kupumzika!" baba mkwe alisema, akatema neno lile chini.

Nilimwelewa. Huyu ni mtu ambaye siku akishinda nyumbani, mama mkwe huomba jua lizame upesi. Hupanga sufuria upya, huwafundisha kuku pa kulala. Kazi ndiyo pumzi yake. Tangu niolewe na mwanawe sijawahi kumwona amekaa nyuma ya pikipiki ya mtu mwingine. Kama si yeye anayeendesha, bora atembee.

Kumbe mafundi wawili walikwisha kuishika kabla yangu. Wa kwanza alibadilisha pleti za klachi. Wa pili akabadilisha waya wa klachi na oili. Kwa nini hakuanzia kwangu, mkwewe, fundi wa pikipiki anayefahamika mji mzima? Badala ya kuuliza, nikavuta spana.

Nikaipandisha kwenye stendi ya kati, tairi la nyuma likiwa hewani. Waya wa klachi ulikuwa na nafasi yake, haujakaza wala haujalegea. Oili ilikuwa safi. Cheni ilikuwa sawa. Nikawa nazungusha tairi kwa mkono huku naingiza gia moja baada ya nyingine. Zote zikaingia kwa ule mlio mdogo unaompendeza fundi. Nikaomba ufunguo. Baba mkwe alisita kidogo, akanipa. Nikaipeleka mlimani nikaivutia mafuta kwa nguvu, maana gia iliyolika meno huruka yenyewe ikibanwa hivyo. Haikuruka. Ile gia ya pili ilikuwa nzima kuliko meno yangu.

"Fungua injini," baba mkwe alisema niliporudi.

"Baba, injini nzima siifungui."

"Nakwambia gia imekufa. Fungua!"

Mume wangu, ambaye anachomelea vyuma kona ya pili ya uwanja ule ule, aliinua kioo chake cha kuzuia cheche. "Baba, huyo ukimlazimisha atakufungua wewe."

Hakuna aliyecheka. Nikamwona baba mkwe anaitazama injini kwa matumaini ya ajabu, matumaini ya mtu anayetaka aambiwe kwamba imeharibika. Hapo nikaanza kushuku.

Nina desturi moja, na mafundi wenzangu hunicheka kwa ajili yake. Pikipiki nisipoona ugonjwa wake, naipima pamoja na mwenye nayo. Nikajaza matofali kwenye kreti mpaka uzito ukafanana na wa mikate, nikamwomba baba apande. Mimi nikachukua pikipiki ya mteja, nikamfuata ubavuni, upande wa kushoto, macho kwenye kiatu chake.

Tukafika mlimani. Akakanyaga pedali ya gia mbele, gia ya kwanza ikaingia. Sasa kutoka hapo unatakiwa uiinue pedali kwa vidole mpaka juu kabisa, kwa sababu kati ya gia ya kwanza na ya pili pana nyutro, yaani pale pikipiki haina gia yoyote. Ukiinua nusu, unaangukia humo. Nikakiona kiatu kinajaribu kuinuka. Kifundo hakikukunjika. Kiatu kilipanda kidogo tu kikakwama. Injini ikalia. Akashika breki zote mbili, matofali yakagongana nyuma yake.

Nikashuka mbio kuizuia pikipiki isirudi. Na ulimi wangu, ambao nilikuwa nimeufunga asubuhi nzima, ukafunguka.

"Si gia, baba! Ni mguu wako!"

Mkwe hamwambii hivyo baba wa mume wake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye alizima injini.

"Tangu mvua," alisema, mikono bado kwenye usukani. "Niliteleza kwenye ngazi za kiwanda. Nikasema utapona wenyewe."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nikisema mguu, wananitoa. Nikisema gia, wananipa muda." Akaongeza, "Ndiyo maana sikuja kwako mwanzo. Wale wengine wanaangalia chuma. Wewe unaona sana."

Pikipiki ikiwa tupu, alinieleza, huinua goti zima na mguu unafuata. Lakini ukiwa na mzigo mlimani, ukiinua goti unayumba. Ndiyo maana mafundi hawakuona kitu. Mimi huruma ilinijaa, na hasira pia. Mguu unauma tangu mvua, na nyumba nzima hatujui!

"Mkwe," aliniita kwa sauti ndogo, "gia ya kununua ipo. Mguu unanunuliwa wapi?"

Nikachuchumaa kando ya pedali kwa sababu ya kukosa pa kuweka macho. Hapo ndipo nikaona kisiki. Nyuma ya pedali palikuwa na kipande kifupi cha chuma kilichokatwa kwa msumeno, kimeshika kutu.

"Baba, hapa palikuwa na mkono wa pili wa pedali, wa kukanyaga kwa kisigino. Nani kaukata?"

"Mimi. Miaka hiyo. Ulikuwa unagusana na chuma cha kubebea kreti."

Niliangua kicheko mpaka nikakaa chini barabarani. Akaniangalia kwa jicho la pembe.

"Kisigino chako kikoje, baba?"

"Kizima."

"Kanyaga hapa, kwenye mkono wangu. Kwa nguvu."

Akakanyaga. Nusura anivunje vidole.

Mchana ule mume wangu alichomelea mkono mpya nyuma ya pedali, akaukunja nje kidogo ili usiguse chuma cha kreti. Mimi nikachomoa pedali nikaigeuza jino moja la mhimili wake, ikae panapofaa kisigino chake. Akikanyaga mbele, gia ya kwanza. Akikanyaga nyuma kwa kisigino, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna kuinua chochote. Baba mkwe alifanya mazoezi uwanjani mpaka jirani akauliza kama tunafungua shule ya udereva.

Jumamosi tulikwenda mlimani mimi na mume wangu. Mwenye kiwanda alikuwa amesimama juu na vijana wake wa kazi, mikono nyuma. Pikipiki ikatokea chini, kreti zimejaa. Gia ya kwanza ikavuta. Nikajikuta nimemshika mume wangu shati. Kisha nikasikia sauti ikishuka kidogo, ikashika, ikapanda tena nzito na tulivu. Gia ya pili. Akapita mbele yetu bila kutuangalia, mikate yote mahali pake, akafika juu.

"Jumatatu uwahi, mzee wangu," mwenye kiwanda alisema, na vijana wake wakaanza kushusha kreti za duka la pale juu.

Baba mkwe akateremka. Siku zote hizi alikuwa anatembea wima kwa kujilazimisha. Siku ile, mbele ya watu wote, alichechemea. Akachechemea mpaka tulipokuwa.

"Mwanangu, pikipiki imepata fundi. Na huu mguu, unamjua fundi wake?"

"Namjua, baba. Hospitali iko wazi mpaka saa nane."

Akatoa ufunguo mfukoni, akaniwekea kiganjani.

"Basi endesha," alisema, akapanda nyuma.