Majina Ishirini na Matatu ya Barabara ya Sake

Mama Eugénie alinikuta soko la Virunga saa mbili asubuhi, nikichambua maharagwe yangu ya kuuza kutoka Kiwanja ambayo safari hiyo yalikuja na mawe mengi. Mume wake, Mwalimu Damascène, alikuwa amefariki juzi yake. Nilidhani amefuata maharagwe ya matanga, nikaanza kutafuta mfuko.

"Acha hayo, Bénita," akasema. "Kesho, mbele ya kwenda kanisani, utasimama useme juu ya muzee."

"Mama, Maître Landry yuko. Ni avoka, amezoea kusema mbele ya watu mahakamani. Mimi hata cheti cha shule ya primaire sina."

"Maître Landry atasema ya shule. Wewe utasema ya barabara."

Akaondoka bila kungoja jibu.

Mwalimu Damascène alishuka kutoka milima ya Masisi akiwa kijana, mtoto wa wachunga ng'ombe, akafundisha darasa la sita kwetu Majengo kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Bomba la maji likikauka, yeye ndiye aliyepanga foleni, na watu wakamtii. Majirani wakigombania mpaka wa parcelle, yaani kiwanja cha nyumba, aliitwa yeye na kamba yake ya kupimia. Mimi nilikaa darasani kwake miaka mitatu, maana aliniangusha mara tatu.

Mara ya tatu baba yangu alikwenda kumwomba. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia yote.

"Huyu mutoto anajua," Papa akasema.

"Anajua," Mwalimu akajibu. "Lakini maswali ni kumi, na kengele inalia akiwa kwenye la nne. Nikimpa alama asizopata, mutihani wa serikali hautamungojea kama mimi ninavyomungojea."

Nikaacha shule. Kwa miaka kumi na minane nilimwona akipita sokoni, akiniamkia, "Habari, mwanafunzi wangu," nami najifanya nafunga gunia. Sikumchukia. Nilimkasirikia tu, na hasira hiyo niliitunza vizuri.

Ndipo ikaja volkano. Lava ilishuka Jumamosi jioni, mwezi wa tano mwaka 2021. Alhamisi iliyofuata, ardhi ikiwa bado inatetemeka, tuliamshwa na habari kwamba mitaa yetu ihame mara moja, twende Sake. Mji mzima ukaingia katika barabara moja. Nilikuwa na wanangu wawili, mdogo mgongoni, mkubwa nimemfunga kwangu kwa kitenge ili watu wasimkokote. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena.

Karibu na Mugunga nikamwona Mwalimu. Alikuwa peke yake, kwa sababu Mama Eugénie alikuwa Bukavu kwa binti yao. Yaani alikuwa peke yake bila mtu wa nyumbani kwake, lakini watoto wanne wasio wake walikuwa wamemshika koti.

"Bénita, njoo hapa," akasema, kama vile bado niko kwenye benchi la tatu. "Macho yako ni mazima?"

"Ni mazima, Mwalimu."

"Miwani yangu imebaki mezani. Hawa wamepotezana na wazazi wao. Shika hili daftari uandike majina."

Sijui ni uchovu au ni ile hasira ya miaka. Nikamwambia, "Tafuta mutu mwingine. Wewe mwenyewe uliniangusha juu ya kuandika."

Hakukasirika. Akalisukuma daftari mkononi mwangu. "Nilikuangusha kwa sababu ulichelewa kumaliza. Lakini hukuniandikia neno lisilosomeka hata siku moja. Leo hakuna kengele. Andika."

Nikaandika. Mwalimu alimuuliza kila mtoto mambo yaleyale: jina lako, jina la Papa, jina la Mama, mnakaa avenue gani, karibu na nini. Wakubwa walijibu. Kulikuwa na mmoja wa miaka mitatu hivi, aliyejua tu kwamba mama yake anaitwa Mama. Mwalimu akachuchumaa kwenye tope.

"Mama anauza nini?"

"Sambaza."

"Andika: mama anauza visamaki vya sambaza. Na muangalie vizuri, uandike unachokiona."

Nikaandika kwamba ana kovu chini ya kidevu, lenye umbo la mwezi mchanga, na sweta ya kijani iliyokosa mkono mmoja.

Tukaendelea kutembea. Mwalimu alikuwa na sauti ya kufundisha watoto sitini bila kipaza sauti, na kila baada ya hatua chache aliita, "Mutoto aliyepotea aje kwa Mwalimu." Walikuja. Wengine waliletwa na watu ambao hawakujua wawapeleke wapi. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, alikataa kwanza kushusha viazi vyake, halafu akashusha gunia moja, akapandisha wadogo watano. Tulipofika Sake jioni, daftari lilikuwa na majina ishirini na matatu, na mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi.

Tulilala kwenye uwanja wa kanisa. Asubuhi Mwalimu akanipa kazi nyingine: kunakili orodha yote mara sita. Moja ilibandikwa mlangoni pa kanisa, moja wakachukua watu wa Msalaba Mwekundu, nyingine zikapelekwa Minova na kwingineko kwa pikipiki. Yeye alikaa na watoto, akawafundisha hesabu kwa vijiwe, maana alisema mtoto anayehesabu halii sana. Nilinakili polepole kama kawaida yangu. Hakuniharakisha.

Ndani ya siku kumi na moja, ishirini na wawili walichukuliwa. Mama wa yule wa sweta alisomewa orodha huko Minova na mchuuzi mwenzake, na alipofika Sake hakuuliza jina la mtu. Aliingia tu uwanjani akainua videvu vya watoto, kimoja kimoja.

Aliyebaki alikuwa Bénédicte, wa miaka saba. Hakuna aliyekuja, na mpaka leo hakuna. Mwalimu alirudi naye nyumbani. Mama Eugénie aliporudi kutoka Bukavu na kumkuta, aliuliza tu anavaa viatu namba gani.

Hayo ndiyo niliyoyasema siku ya mazishi. Maître Landry alinitangulia, na alisema vizuri: tarehe, diploma, wanafunzi waliokuja kuwa madaktari na wahandisi. Kisha nikasimama chini ya turubai, mbele ya viti vilivyojaa mpaka barabarani, nikaanza kwa kusema kwamba marehemu aliniangusha mara tatu. Watu wakanong'ona. Muzee mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo alikosea?"

"Hapana, Papa," nikamjibu. "Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na haki ya kukasirika. Yote mawili ni kweli, na yeye alijua."

Kisha nikasimulia barabara yote, bila karatasi. Bénédicte alikuwa ameketi karibu na Mama Eugénie, na nilipofika kwenye jina lake alinitazama usoni mpaka nikamaliza.

Tulipokuwa tunajipanga kwenda kanisani, wakaleta msalaba kutoka kwa seremala. Nikausoma. Walikuwa wameandika "Damasène".

"Herufi moja imekosekana," nikamwambia Maître Landry.

Akaangalia saa. "Tumechelewa, mama. Padri anangoja. Tutarekebisha kesho."

"Watu watausoma leo."

Akanitazama, akautazama msalaba. Kisha akatuma mtu kwa seremala kuleta rangi, brashi na kisu. Nikauweka msalaba juu ya viti viwili, nikakwangua herufi nne za mwisho hadi ubao ukawa safi, nikaanza kuandika upya. Watu mia mbili na zaidi walikuwa wamesimama juani, na gari la maiti lilikuwa limewashwa. Mtu mmoja nyuma akasema tufanye haraka. Mama Eugénie akageuka akamwangalia.

Maître Landry mwenyewe ndiye aliyenishikia kopo la rangi. Alikuwa amevaa suti nyeupe, na tone moja likamwangukia kwenye mkono wa koti.

"Samahani, Maître," nikasema.

"Endelea," akasema. "Bado alama ya juu ya *e*."

Nikaiweka. Tukaupuliza msalaba mpaka rangi ikashika, tukaondoka.