Sifuri Iliyogeuka Sita

Kwa miaka tisa kazi yetu ilikwenda hivi: mimi nashika ndege, kaka anashika kalamu. Mkono wangu mmoja una ndege, mwingine una pete ya kumvisha mguuni au mizani, kwa hiyo natamka namba, naye anairudia kwa sauti kabla ya kuiandika. Kurudia ndiyo amri ya kwanza ya kituo chetu cha kuchunguza ndege, kwa sababu anayeshika ndege hawezi kuangalia daftari. Jioni naweka saini chini ya ukurasa, nikinuka matope, nakwenda kunawa. Sikuwahi kusoma alichoandika. Ningemkagua vipi mtu aliyenifundisha kushika penseli? Pale kituoni wote humwita Kalamu, kwa ule mwandiko wake mzuri.

Namba inayobeba kazi yote ni ya mafuta. Ndege wa safari ndefu huweka akiba ya mafuta chini ya ngozi. Napuliza manyoya ya kifua, naangalia kishimo cha chini ya koo. Kikiwa kitupu, nasema sifuri. Kikiwa kimejaa manjano mpaka kimefura, nasema sita au saba. Mwenye sita huondoka usiku uleule. Mwenye sifuri hubaki kwenye matete yetu wiki nzima na zaidi akila wadudu, maana mbele kuna jangwa la siku mbili bila tone la maji. Sasa kuna kampuni inataka kuyafukia matete ijenge maghala, na baraza la wilaya linaamua Alhamisi. Swali lao ni moja tu: ndege hawa wanapahitaji hapa, au wanapita njia?

Jumanne asubuhi nilimtoa wavuni ndege mdogo wa rangi ya udongo mkavu, ana pete yetu mguuni. Nilimjua kabla ya kuisoma; kidole chake cha nyuma kimepinda. Tulimkamata siku tisa nyuma akiwa mifupa mitupu, hata nikamwambia kaka, "Huyu hana mafuta hata ya kupaka kope." Tulicheka wote. Asubuhi hiyo kaka alikuwa nje, anaongea na simu, basi nikafungua daftari mwenyewe, ukurasa wa siku ile ya kwanza.

Mafuta sita. Gramu kumi na saba.

Nikadhani nimekosea mstari. Nikaisoma pete upya, tarakimu kwa tarakimu. Nikampima: gramu kumi na nne, mafuta tatu. Yaani kwa mujibu wa daftari letu, ndege amekaa siku tisa anakula asubuhi mpaka jioni, halafu amekonda! Na siku ile nilisema, "Sifuri, kumi na moja," na kaka akarudia kwa sauti yake ya taratibu, "Sifuri, kumi na moja." Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Nikapekua kurasa. Msimu mzima hakuna sifuri hata moja; kila aliyekonda alikuwa amenenepeshwa kwa wino, na chini ya kila ukurasa kuna saini yangu.

Kaka aliingia akiiweka simu mfukoni. Aliona daftari lilipofunguliwa, akasimama.

"Ulisema sifuri, ukaandika sita," nikamwambia.

"Mdogo wangu, hebu kaa kwanza."

"Sikai. Kwa nini?"

"Kampuni imenipa usimamizi wa mazingira kwenye hayo maghala yao. Ofisi yangu mwenyewe. Miaka tisa naandika namba zako, kuna aliyewahi kuniuliza jina?" Akashusha sauti. "Na nakala ya daftari imeshafika barazani. Ina saini yako."

"Na ndege je?"

"Ndege ana mabawa. Atatua kwingine."

"Atatua, ndiyo. Atatua mchangani, afe."

Hata hapo nilitaka aseme amekosea, nimsamehe palepale tunywe chai. Yeye akarudi mlangoni. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa msimu mzima, mimi nikifurahia sauti yake. Hilo ndilo lililoniuma kuliko matete.

Nilimwachia ndege dirishani. Hakupanda juu, alishuka moja kwa moja kwenye matete kuendelea kula. Kisha nikaketi na kalamu yake. Nilitafuta kila ndege aliyerudi wavuni msimu huu, nikapata kumi na mmoja, wote kwa mujibu wa daftari wamekonda katikati ya chakula, nikawazungushia duara. Halafu kwenye kila ukurasa nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya, "Si kweli. Nilisaini bila kusoma," nikasaini tena. Baraza likiona hivyo, kibali changu cha kushika ndege kitakwenda. Kaka alikuwa akiangalia kutoka mlangoni.

"Utakwenda nalo Alhamisi?"

"Nitakwenda nalo."

"Na mama utamwambia nini?"

Nikafunga daftari, nikalitia mfukoni mwa koti.

"Nitamwambia kila namba niliyoitaja uliirudia kwa sauti, na hukukosea hata moja; uliyoandika ni nyingine."