Pumzi Kabla ya Jibu

Mwalimu wa taaluma alifunga mlango wa ofisi kwa kisigino, akaweka karatasi mbili mezani, akaniambia nimempa mwanafunzi majibu ya mtihani.

Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana ni mtu wa utani yule.

"Mimi, mwalimu? Mimi niliyeishia darasa la saba ndiyo nimpe mtu majibu ya baiolojia?"

Yeye hakucheka. Hapo nikavuta kiti nikakaa bila kukaribishwa.

Niseme kwanza kazi yangu. Mimi ni msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya sekondari. Niliingia pale na ufagio, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Kisha akaletwa kidato cha kwanza msichana asiyeona. Vitabu vya nukta nundu vya kupapasa kwa vidole vilikuwa viwili tu shule nzima, na kimoja kilikosa kurasa. Mkuu wa shule akauliza wafanyakazi, nani anaweza kusoma kwa sauti bila kukwama? Nikasema mimi nasoma Maandiko kila alfajiri, na sikwami. Ufagio ukaishia siku ile.

Sasa ni mwaka wa nne nakaa kushoto kwake. Mwalimu akiandika ubaoni, namsomea chinichini. Kitabu namsomea. Mtihani namsomea pia. Kwenye maswali ya kuchagua, nasoma swali mara mbili, nasoma majibu manne, yeye ananitajia herufi, mimi naiandika kwa penseli. Siongezi neno wala sipunguzi. Wanafunzi wananiita Mama Redio. Yeye wanamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi hata na walimu.

Mwalimu wa taaluma akanisogezea karatasi ya kwanza. "Huu mtihani wa majaribio ulimsomea wewe. Thelathini na nane kwa arobaini." Akasogeza ya pili. "Wiki iliyopita ulipokuwa unaumwa, nilimsomea mimi. Mada zilezile. Ishirini na moja."

"Labda alikuwa na homa yangu."

"Mama, usinichekeshe. Kaa hivyohivyo. Chukua penseli, jibu mwenyewe."

"Nijibu nini?"

"Baiolojia. Arobaini zote."

Nilijibu ili nimalize ubishi, nirudi darasani. Nilifuata tu kile ambacho masikio yalikuwa yamezoea. Alisahihisha huku nikitazama wino wake mwekundu ukipita. Alipofika mwisho alihesabu, akahesabu tena, akaweka kalamu chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Thelathini na nne," akasema.

Sikuelewa. "Kati ya ngapi?"

"Arobaini, mama. Kuna wanafunzi wangu wamekaa miaka minne humu ndani, hawajawahi kuiona thelathini."

Nikaishika ile karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu. Miaka minne nilikuwa nikidhani yale maneno yanapita kinywani mwangu kama maji ya bomba, kumbe yalikuwa yanatuama. Mwili ulinisisimka. Lakini furaha haikupata nafasi, kwa sababu niliona alikokuwa ananipeleka.

"Naapa sijawahi kumwambia jibu hata moja," nikasema.

"Naamini. Ndiyo maana nataka tujaribu kitu kingine." Akatoa mtihani wa kemia. "Mimi nafundisha historia. Kemia tuliachana kidato cha pili, na tuliachana vibaya. Nisomee maswali kumi, kama unavyomsomea yeye."

Akageuza kiti, akautazama ukuta wenye ratiba, akafumba macho. Nikasoma. Alitaja B. Nikasoma. Akataja A. Nilisoma kama siku zote, kwa uaminifu wangu wote. Tulipomaliza alilinganisha na karatasi ya majibu. Alipata tisa.

Tukatazamana, mwalimu wa historia na mimi.

"Ukikaribia jibu lenyewe unavuta pumzi," akasema. "Kidogo sana. Halafu unalisoma taratibu, kama mtu anayempakata mtoto aliyelala. Mama, hata mbuzi wangu angefaulu."

Nilijifunika uso na mtandio. Mimi ambaye nikipewa chenji iliyozidi narudi nayo dukani kwa mguu! Nimeiba mitihani miaka yote hiyo, mchana kweupe, mbele ya walimu, na sikujua.

"Sasa sikiliza," akasema. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki tatu. Msimamizi angetoka nje ya shule. Kama angekuwa na masikio mazuri, matokeo ya msichana yangefutwa yote, masomo yote, na asingeruhusiwa kurudia kwa miaka miwili. Na yule mtoto alitaka chuo cha tiba ya viungo, kazi ya mikono ambayo asiyeona anaiweza sawa na yeyote. Bila C ya baiolojia hawampokei. "Au," akaongeza akiitazama kalamu yake, "msimamizi anaweza kuwa na masikio kama yangu ya miaka minne. Tunaojua ni wewe na mimi tu."

"Na Mungu?"

"Mungu hasimamii mtihani, mama."

"Anasimamia, mwalimu."

Akakuna kichwa. "Basi nina mpaka Ijumaa kubadilisha jina la msomaji. Niambie wewe."

Nilimkuta Wakili kwenye stoo ya vitabu, tunakosomea, kati ya rafu za vitabu vya zamani na madawati yaliyovunjika miguu. Alikuwa ameshanisikia tangu koridoni.

"Leo unakanyaga kama askari. Nani amekukosea, mama?"

Nikamweleza yote, kwa mkupuo mmoja. Nilitarajia ashtuke kama nilivyoshtuka. Akainamisha kichwa, akaanza kukwaruza ukingo wa meza kwa ukucha.

Nikajua.

"Ulikuwa unajua?"

"Toka kidato cha pili."

Sikuamini masikio yangu. Huyu niliyemfungia vifungo vya sare alipovunjika mkono. Huyu ninayemtaja kwenye sala kabla ya wanangu wa kuwazaa.

"Umenifanya mwizi!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mimi nimefanya nini? Nilikuwa nasikiliza. Kazi yangu ni kusikiliza, mama, sina nyingine."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungeacha." Akanyanyua uso. "Wenzangu wana michoro. Kitabu kizima kimejaa michoro, wewe ukifika pale unasema 'hapa kuna picha ya moyo', unafungua ukurasa mwingine. Picha ya moyo ikoje? Nani alinionyesha? Wao wanaona moyo, mimi nasikia pumzi. Nani ameiba?"

Huyo ndiye Wakili. Swali lake lilikuwa limenichoma mahali ambapo sikuwa na ngao. Ni kweli nilikuwa nikisema hivyo. Hapa kuna picha. Hapa kuna picha. Miaka minne.

"Basi nitasoma bila kubadilisha sauti," nikasema hatimaye. "Tujaribu."

Nikachukua karatasi nyingine ya zamani, nikasoma kama mtu aliyelazimishwa, nimeubana ulimi, kila jibu uzito mmoja. Alijibu maswali sita, yote sahihi.

"Sasa umenisaidia zaidi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huzuni. "Ukifika kwenye jibu unajikaza. Nasikia unavyojikaza."

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa hakuna namna. Anayejua jibu hawezi kumsomea mtoto huyu, awe mwaminifu kiasi gani. Nikarudi ofisini kabla ya kengele, nikamwambia mwalimu alitoe jina langu.

"Tumweke nani? Walimu hawaruhusiwi, na wao pia wanajua."

Nilikuwa nimeshafikiria njiani. "Mlinzi wa geti. Anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, kwa sauti, na hajui baiolojia."

Mlinzi alipoitwa alivua kofia, akasikiliza, akauliza kama kuna hatari. "Mimi najua geti tu," akasema. "Mtu akiniuliza seli ni nini, nitamwambia akaulize polisi."

"Ndiyo maana tunakutaka wewe," mwalimu akamjibu.

Tukamjaribu kesho yake. Mlinzi alisoma kwa sauti ya getini, kila neno kama anamzuia mtu asiingie, na jibu sahihi na jibu la uongo kwake vilikuwa ndugu. Wakili alipata kumi na tisa. Chini ya zile alizopata kwa mwalimu wa taaluma.

Alilia stoo. Sijawahi kumsikia akilia. "Mimi sijui chochote, mama. Nilikuwa najua wewe tu."

Neno hilo lilinipiga kuliko tuhuma zote za ofisini. Nilisimama pale na furushi la vitabu mikononi, nikiwaza kwamba nilikuwa nimemwombea mtoto huyu kila alfajiri huku mchana nikimnyima. Kisha nikaviweka vitabu chini.

"Mwalimu wako wa historia amenipa thelathini na nne," nikamwambia. "Kwa hiyo najua kitu. Nina wiki mbili na siku sita. Futa machozi, nyoosha mikono."

Siku iliyofuata nilikuja na unga wa ngano kilo mbili. Niliukanda na chumvi na maji, nikaufanya moyo. Niliweka kitabu wazi pembeni, nikatengeneza vyumba vinne, nikachomeka mirija ya kalamu zilizokwisha wino iwe mishipa. Nikaushika mkono wake, nikauingiza.

Vidole vikapita chumba cha juu, vikashuka, vikarudi.

"Kuna ukuta katikati!" akapiga kelele. "Mama, kuna ukuta! Kwa nini hukuniambia kuna ukuta?"

"Na mimi nimeujua leo, nilipoukanda."

Kuanzia hapo tukawa wapishi. Tulitengeneza figo, jicho, jani lenye matundu yake, seli yenye kiini cha kokwa. Unga ukikauka tunauloweka tena. Mpishi wa shule alipita akatuuliza tunapika nini, Wakili akamwambia mfumo wa chakula, mpishi akakimbia. Nilimkataza kunijibu kwa herufi. Nilimwambia anieleze, na akikosea nilimwacha apapase tena mpaka ajisahihishe. Mara mbili tuligombana kweli. Mara moja nilisema jambo na yeye akalikataa, tukafungua kitabu, akawa amekosea yeye. Alinuna mpaka kengele ya mwisho.

Asubuhi ya mtihani wa baiolojia nilimfikisha mlangoni mwa chumba chake cha peke yake. Msimamizi mgeni alikuwa mwanamke mwenye miwani, akakagua kitambulisho cha mlinzi mbele na nyuma. Mlinzi alikuwa amevaa shati jipya na anatokwa jasho kama yeye ndiye mtahiniwa. Niliuachia mkono wa mtoto. Akaingia.

Nilipewa kazi ya kupanga viti kwenye ukumbi wa pili, ng'ambo ya uwanja. Nilienda huko makusudi ili nisisikie. Lakini sikuwa nimeihesabu sauti ya mlinzi. Ilivuka uwanja mzima. Wanafunzi waliokuwa wakipumzika chini ya kivuli cha darasa walianza kucheka, mwalimu akawafukuza. Nilifunga madirisha ya upande ule, moja lilikuwa halina kioo. Nikaendelea na viti, nikisali.

"Swali la ishirini na sita!" mlinzi akanguruma. "Urea hutengenezwa katika kiungo gani? A, figo! B, kibofu! C, ini! D, ngozi!"

Figo, nikasema moyoni, hata kabla hajamaliza. Urea inatoka na mkojo, mkojo ni figo, figo tulizikanda wenyewe. Hilo amelipata.

Akasoma mara ya pili, kama kanuni inavyotaka. Kisha sauti ya Wakili, ndogo lakini kali, bila kusita hata kidogo:

"C."

Kiti kilinitoka mkononi kikaanguka sakafuni. Mtoto wangu! Swali rahisi namna ile! Niliona chuo kikifungwa kwa ajili ya swali moja, nikaona nimemfundisha vibaya, nikaona ningekuwa mle ndani asingekosa. Niliacha viti hivyohivyo. Nilikwenda stoo mbio, na mwili wangu huu, nikakivuta kile kitabu kwenye rafu, nikatafuta ukurasa, nikanyoosha kidole chini ya mstari nikasoma kwa sauti, peke yangu.

Urea hutengenezwa katika ini. Figo huichuja tu.

Nikasoma tena, mara mbili, kama kanuni inavyotaka. Ini.

Sijui ni lini ule ukurasa aliusikia. Labda mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea, siku moja ya kidato cha tatu, akili yangu ikiwa kwenye mboga za jioni, ukapita kwangu ukatua kwake. Nilikaa juu ya dawati bovu, kitabu mapajani. Kama ningekuwa nimeketi kushoto kwake asubuhi ile, ningevuta pumzi kwenye figo.