Mrija wa Shaba

Nimewasikia pale bombani. Mnasema Vestina alitaka kuwaua wakwe zake kwa pombe. Mkiniona mnanyamaza, nikishapita mnaendelea, utadhani mimi sina masikio. Basi kaeni niwasimulie mwenyewe, maana ukweli wake unaniaibisha kuliko hiyo sumu yenu.

Mambo yote yalianzia kwenye ghala letu la tumbaku. Mume wangu Pontien ni mkulima kama waume zenu, ila akili yake iko kwenye vyuma. Karakana moja ya Mpanda mjini ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa, wenzake walikimbilia magurudumu na mabati, yeye akarudi Katumba na mashine ya kukereza, ile inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga mpaka kinakuwa mviringo laini. Akaisimika ghalani. Tumbaku ikahamia sebuleni, magunia ya mahindi yakahamia chumbani kwetu. Akiiwasha, taa za nyumba nzima zinafifia. Ukimwita aje kula anajibu anakuja, na haji.

Na anachonga nini huko? Pia za watoto. Vishikio vya milango ambayo hatuna. Mchi wa chuma ambao mpaka leo sijaona mwanamke wa kuuinua. Akitoka shambani ananawa mikono tu, anaingia na simu yake, anatazama video za mafundi wa nchi za mbali, anasogeza kisu kidogo, anapima, anasogeza tena. Siku moja nilimwuliza, "Baba Ernestine, utakereza mpaka lini na hakuna kinacholiwa?" Akaniwekea kipande cha shaba mkononi. "Pitisha kidole hapo. Unasikia kona?" Nikamwambia sisikii kona, nasikia njaa, nikaenda zangu jikoni.

Lakini nisimwonee. Mkono anao. Kitu kikitoka kwenye ile mashine unaweza kukiangalia mpaka ukasahau ulichokuwa umekasirikia, na mimi imenitokea.

Sasa Mzee Josephat, wa kijiji cha pili, akatuma watu kusema wanakuja kumposea mtoto wao Arcade. Wanamtaka Ernestine wetu. Na Ernestine alimtaka Arcade, hilo halikuwa siri. Pikipiki yake ikipita barabarani, cherehani ya binti yangu inasimama. Mtoto huyo hajawahi kuniomba kitu kikubwa. Siku ile aliniomba. "Mawe," aliniambia, maana mama na baba bado anatuita kwa Kirundi, Mawe na Dawe, "naomba kila kitu kiende vizuri." Nikamwambia pombe niachie mimi.

Maana kwetu sisi ambao wazazi wetu walitoka Burundi, posa ni mtungi. Pombe ya mtama inawekwa katikati, mirija inazamishwa, na baba wa msichana na baba wa kijana wanavuta kutoka kwenye mtungi uleule. Na kabla mgeni hajaweka mdomo, mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni akimwona. Hiyo haijadiliwi. Wazee wetu walikuwa na sababu zao za kuogopana, na sisi tumerithi. Mtu akikupa pombe ambayo hajaionja, unainuka unaondoka, na jina la mwanamke aliyeipika linaharibika. Si la mwanaume. La aliyepika.

Mirija yetu ni ya matete, tunayo tangu enzi za mama mkwe. Pontien akaiangalia, akabetua mdomo. "Mkwe anakuja kwangu mara ya kwanza," akasema, "halafu nimpe jani?" Akaingia ghalani. Alichukua kibomba cha shaba cha friji bovu, akakikerezea mdomo wa kunyonyea, mnene kidogo, wenye mikanda mitatu myembamba, na upande wa chini akatoboa vitundu vya kuchuja machicha. Ulikuwa mmoja tu, wa Mzee Josephat. Ulipendeza, sisemi uongo. Mimi mwenyewe niliona fahari, na hiyo fahari ndiyo inayonichoma sasa.

Shida ni kwamba chuma hakichongwi kikavu. Pontien anakidondoshea oili, ile nyeusi inayomwagwa kwenye pikipiki. Ili kuitoa ndani ya mrija, akapitisha mafuta ya taa. Nikamwambia, "Sasa uuchemshe na majivu. Mafuta ya taa hayaondoki kwa kupuliza." Akanijibu kwamba majivu yataichubua shaba na mng'ao utapotea. Akaupuliza, akaupangusa kwa nje mpaka unajiona uso, akaufunga kwenye kitenge changu kipya. Kwa nje. Nami nilikuwa na pombe inayochemka, nikaacha kubishana.

Jumamosi wakaja, wamependeza, shangazi yake Arcade mbele na kofia ya kanisani. Ernestine alikuwa ndani, kama inavyotakiwa. Msichana anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Tukasalimiana, tukaketi uani, mtungi ukaletwa. Pontien akachukua mrija wa tete, akaonja vizuri tu, akatingisha kichwa kuisifu pombe yangu. Kisha akafungua kile kitenge. Ule mrija ukawaka juani, watu wakaguna kwa kupendezwa. Akauzamisha kwenye mtungi, akampa Mzee Josephat ule mdomo wa kunyonyea kwa mikono miwili.

Mzee akavuta. Akakoma katikati ya kuvuta. Hakutema, yule ni mtu mzima na heshima zake, alimeza. Kisha akauegemeza mrija kwenye ukingo wa mtungi, taratibu, akatoa kitambaa akafuta midomo.

"Mkwe," akasema, "wewe umeonja kwa mrija gani?"

"Wa tete."

"Na huu?"

"Huu ni wa kwako," Pontien akasema, bado anatabasamu. "Wa kwako peke yako."

Nikaona uso wa yule shangazi unavyobadilika, na ndipo na mimi nikaelewa jinsi maneno hayo yalivyosikika. Mwenye nyumba ameonja kwa mrija wake, mgeni akapewa mwingine. Wa kwake peke yake.

"Basi uonje huu," Mzee Josephat akasema. Hakupaza sauti.

Jamani, hapo palihitaji kitu kidogo tu. Mtu anaushika mrija, anavuta, anameza, yamekwisha. Hata kama ni mafuta ya taa unameza, unakohoa, watu wanacheka, mgeni anapewa mrija mwingine. Pontien wangu akauchomoa mrija kwenye mtungi, akautikisa, akafumba jicho moja, akaweka la pili kwenye tundu na kuuelekeza juani. Anachungulia. Mbele ya wakwe. Mimi nilijua anatafuta nini, alikuwa anatafuta chembe ya shaba iliyobaki ndani, kasoro ya kazi yake, maana kwake hilo ndilo lililokuwa limetokea: kazi imetoka na kasoro. Lakini wale waliona mwanaume aliyeambiwa anywe na hanywi.

"Nilipitisha mafuta," akaanza kueleza, jicho bado kwenye tundu. "Labda kule kwenye kona ya ndani, pale nilipounganisha..."

"Mafuta gani?" shangazi akauliza, na hakungoja jibu. Akasimama, akaanza kukunja kanga aliyokuwa ameikalia. Wanawake wengine wakasimama naye.

Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Nikamnong'oneza Pontien, "Kunywa, baba. Kunywa tu." Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikajitokeza mimi, nikasema pombe nimeipika kwa mkono wangu, nipeni nionje. Shangazi akasema aliyepika anajua alichopika. Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniuma zaidi. Nikabaki nimesimama pale, mikono sijui niiweke wapi, nikiwaza kwamba nimemharibia binti yangu, na wadogo zake wawili, kwamba hakuna nyumba Katumba itakayokubali mtungi wangu tena.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Ernestine akatoka. Hakuna aliyemwita. Alikuwa na nywele nusu zimesukwa, nusu hazijasukwa, na miguu peku. Akapita katikati ya wakwe zake bila kuinua macho, akauchukua mrija kwenye mkono wa baba yake, akapiga magoti, akauzamisha, akavuta.

Alivuta sana. Nilimwona machozi yakimtoka kwa ukali wa ile harufu, na koo lake likipanda na kushuka. Hakuacha. Binti wa watu, siku ya posa yake, anakunywa pombe kwa magoti mbele ya baba mkwe, jambo ambalo nisingelitaka hata adui yangu alifanye. Na sisi wazazi wake tumesimama tunamtazama.

"Inatosha, binti," Mzee Josephat akasema mwishowe.

Ernestine akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Ni mafuta ya taa, baba. Dawe aliuosha nayo." Akainuka, akarudi ndani.

Shangazi akaketi. Wengine wakaketi. Kisha Mzee akasema maneno ambayo nyie bombani hamyasemi, kwa sababu hayana utamu. Alisema, "Binti tumemkubali. Mtoto kama huyu hakataliwi." Nikaanza kupumua. Akaendelea, "Ila siku ya harusi, pombe tutakuja nayo wenyewe."

Nikasema, "Sawa, baba." Ningesema nini? Mgeni aje nyumbani kwangu na pombe yake, nami nimewapikia watu wa hapa tangu nikiwa msichana. Nikasema sawa, nikawasindikiza mpaka barabarani, nikiwachekea.

Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilimkuta Ernestine amechuchumaa ukutani, ameshika tumbo. Nikamwuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa kukataa. Pontien akatokea upande wa pili na kikombe cha maziwa. Alikuwa ameenda kuyaomba kwa akina Machibya, majirani zetu wenye ng'ombe, na alikuwa amekimbia, shati limelowa. Akasimama mbele ya binti yake. Akanyoosha mkono ampe, halafu akaurudisha.

Akakiweka kikombe mdomoni mwake mwenyewe, akanywa funda moja, akameza, akihakikisha binti anamwona. Ndipo akamnyooshea.

Sisi watu wa nyumba moja hatuonjeani, kuonjeana ni kwa wanaoogopana. Sijawahi kumwona mzazi akimwonjea mwanawe. Ernestine alitokwa machozi ya harufu tu alipokuwa anakunywa yale mafuta mbele ya watu wote, ila hapo alilia.

"Dawe," akasema, "mimi usinifanyie hivyo."

Pontien akabaki amenyoosha kikombe.